Simu ya saa nane usiku: Jinsi zamu za askari wa wanyamapori zinavyopangwa Konza

Fisi au simba akivamia boma usiku katika eneo la Konza, mwenye mifugo huwa na swali moja: askari wa wanyamapori watafika saa ngapi? Jibu hutegemea umbali, hali ya barabara na gari lililopo. Lakini hutegemea pia karatasi ambayo wakazi wengi hawajawahi kuiona, nayo ni ratiba ya zamu. Ndiyo inayoonyesha nani yuko doria, nani amelala baada ya kukesha, na nani yuko mapumzikoni lakini anaweza kuitwa akihitajika.

Makala haya yanaeleza jinsi ratiba hiyo inavyofanya kazi, kwa nini askari wanaoonekana kuwa wengi kwenye orodha huwa wachache uwanjani, na jambo ambalo mkazi anaweza kufanya ili msaada ufike mapema.

Eneo lenye mpaka kila upande

Konza si kijiji cha kawaida kando ya barabara. Upande mmoja kuna nyanda za Kapiti, ambako Taasisi ya Kimataifa ya Utafiti wa Mifugo, ILRI, ina shamba la utafiti la takriban hekta 13,000, yaani kama ekari 32,000. Shamba hilo ni hifadhi ya wanyamapori vilevile. Ng'ombe, kondoo na mbuzi hulishwa humo sambamba na pundamilia, nyumbu, kongoni na twiga, na wanaowafuata hawa wote ni simba, duma na fisi.

Upande wa Malili kuna mji wa teknolojia wa Konza, uliotengewa ekari 5,000 na kuzinduliwa na Rais Mwai Kibaki Januari 2013. Kati ya sehemu hizo mbili kuna ranchi zilizogawanywa vipande, maboma ya wafugaji, barabara kuu ya Nairobi kwenda Mombasa, reli ya zamani yenye tawi la Magadi linaloanzia Konza, na reli ya SGR iliyoanza kubeba abiria mwaka 2017. Kaunti tatu hukutana katika eneo hili: Machakos, Makueni na Kajiado.

Kabla ya ua na nyumba kuongezeka, nyumbu na pundamilia walikuwa wakitoka upande wa Mbuga ya Kitaifa ya Nairobi wakati wa mvua, wakisambaa katika nyanda za Athi na Kapiti, kisha kurejea kiangazi. Nyayo za safari hizo hazijafutika kabisa. Mnyama anayefuata njia ya mababu zake leo hukuta seng'enge, shimo la msingi wa nyumba au lami. Ndiyo maana kazi ya askari hapa haimaliziki ndani ya hifadhi. Sehemu kubwa ya simu hutoka nje ya ua wake.

Nani huitwa, na kwa jukumu gani

Wakazi wengi huamini kwamba askari wa wanyamapori ni waajiriwa wa kaunti. Katiba ya mwaka 2010, katika Jedwali la Nne, iliweka ulinzi wa wanyamapori mikononi mwa serikali ya kitaifa. Kazi hiyo hufanywa na Shirika la Huduma kwa Wanyamapori Nchini, KWS, ambalo askari wake huvaa sare, hubeba silaha na hutii nidhamu ya kikosi.

Kundi la pili ni maskauti wa hifadhi za jamii na za watu binafsi. Hawa huajiriwa na wenye ardhi au na jamii, nao wanatambuliwa na Sheria ya Uhifadhi na Usimamizi wa Wanyamapori ya mwaka 2013. Wengi hawabebi bunduki. Kazi yao ni kufuatilia wanyama, kuondoa mitego ya nyaya, kutoa habari na kuwa wa kwanza kufika tukio linapotokea jirani. Mara nyingi skauti ndiye anayejua boma la nani liko wapi, hata usiku wa giza.

Kwa upande wake, kaunti ina majukumu ya kilimo, ufugaji na udhibiti wa magonjwa ya mifugo. Ofisa wa mifugo wa wadi hatamfukuza simba, lakini ushauri wake kuhusu ujenzi wa boma, na ripoti yake kuhusu mnyama aliyeuawa, vina uzito mkubwa baada ya tukio.

Hesabu ya saa 168

Wiki moja ina saa 168. Wanyama hawafungi kazi Ijumaa jioni, hivyo kituo kinatakiwa kuwa na mtu macho katika saa hizo zote.

Sheria za kazi za Kenya nazo zina hesabu yake. Sheria ya Ajira ya mwaka 2007 inampa mfanyakazi angalau siku moja ya mapumziko katika kila siku saba, na likizo ya mwaka isiyopungua siku 21 za kazi yenye malipo. Kanuni za jumla za mishahara, ambazo hutumika kwa waajiri wengi wa binafsi, huweka wiki ya kawaida ya kazi kuwa saa zisizozidi 52 katika siku sita, na saa 60 kwa wanaofanya kazi ya usiku. Saa za ziada hulipwa mara moja na nusu ya kiwango cha kawaida, au mara mbili ikiwa ni siku ya mapumziko au sikukuu.

Gawanya 168 kwa 52. Jibu ni watu watatu na zaidi kidogo. Hao ndio wanaohitajika ili nafasi moja tu iwe na mtu mchana na usiku, bila yeyote kuugua wala kwenda likizo. Ukiongeza likizo, ugonjwa, mafunzo na siku za kutoa ushahidi mahakamani, nafasi moja huhitaji watu wanne.

Sasa chukua mfano wa kikosi cha watu 12. Askari hawatumwi doria ya usiku mmoja mmoja, kwa hiyo doria ina nafasi mbili. Meza ya simu na redio ina nafasi moja. Nafasi tatu mara watu wanne ni watu 12. Kikosi kimekwisha. Kwa maneno mengine, watu 12 kwenye orodha ni watu watatu walio macho kazini wakati wowote ule, na mmoja wao hawezi kuondoka kwenye redio.

Mkazi anayepita kituoni mchana na kuona askari wanne wamekaa chini ya mti huenda akadhani wanapoteza muda. Inawezekana kabisa kwamba wawili kati yao wametoka zamu ya usiku na wengine wawili wanasubiri kuingia.

Siku, usiku na msimu

Kuna njia kadhaa za kugawa saa hizo. Zamu tatu za saa nane humwacha askari akiwa na nguvu, lakini huhitaji mabadilishano mengi, na kila mabadilishano huhitaji usafiri na kukabidhiana habari. Zamu mbili za saa 12, kutoka saa kumi na mbili asubuhi hadi saa kumi na mbili jioni na kinyume chake, ni rahisi kupanga. Askari akifanya zamu nne za aina hiyo kwa wiki anafikisha saa 48, na akifanya tano anafikisha 60. Hakuna nafasi ya ya sita.

Kwenye vituo vya mbali, askari hukaa kambini kwa siku nyingi mfululizo kisha hupewa mapumziko ya pamoja ili aende nyumbani. Utaratibu huo huokoa nauli na muda wa safari. Ubaya wake ni kwamba mtu anayelala kituoni huhesabiwa na kila mtu kuwa yuko kazini, hata akiwa amevua viatu.

Ratiba nzuri hufuata tabia za eneo. Fisi, simba na chui huwinda zaidi usiku, kwa hiyo nguvu ya kikosi huelekezwa huko. Nyani huvamia mahindi mchana. Wawindaji haramu wa nyamapori hutega nyaya jioni na kuzikagua alfajiri kabla watu hawajaamka, na wengine hutumia tochi kali kumduwaza mnyama. Saa za kuelekea alfajiri ni muhimu sana kwa doria, na ndizo saa ambazo mwili wa binadamu hudai usingizi kuliko wakati mwingine wowote.

Msimu nao hubadilisha ratiba. Mvua ikinyesha vizuri, wanyama husambaa na nyasi ndefu huficha nyayo. Kiangazi kikikaza, wanyama na mifugo hukutana kwenye maji machache yaliyobaki, na simu huongezeka. Msimamizi mwenye uzoefu hutoa likizo nyingi kabla ya kiangazi, kwa sababu anajua kwamba likizo iliyoahirishwa mara tatu huishia kuwa karatasi ya ugonjwa.

Zamu ya kuitwa

Kwa kuwa watu watatu hawatoshi tukio kubwa likitokea, kila kikosi hutegemea zamu ya kuitwa. Askari aliye kwenye zamu hii hayuko doria. Anaweza kula, kufua na kulala, lakini hawezi kusafiri mbali, hawezi kunywa pombe na hawezi kuzima simu. Vifaa vyake viko tayari.

Simu ya mkazi ikiingia, mambo hufuatana hivi. Afisa wa zamu huandika saa, mahali, jina la anayepiga na aina ya tukio katika kitabu cha matukio, kile ambacho wengi hukiita OB. Kisha hupima uzito. Pundamilia aliyekwama kwenye seng'enge, mzoga kando ya barabara na simba ndani ya boma ni matukio matatu tofauti. Maisha ya binadamu yakiwa hatarini, tukio hilo hupita yote mengine.

Baada ya hapo doria iliyo karibu huelekezwa huko. Ikiwa doria hiyo iko mbali au haitoshi, walio kwenye zamu ya kuitwa huamshwa. Mnyama akihitaji kudungwa sindano ya usingizi, huitwa daktari wa mifugo wa wanyamapori, kwa sababu askari wa kawaida haruhusiwi kuifanya kazi hiyo. Daktari huyo huhudumia eneo kubwa, na hapo ndipo wakazi husubiri muda mrefu zaidi. Askari wanaofika kwanza hawatakuwa wameleta bunduki ya sindano. Kazi yao ya mwanzo ni kuwatenga watu na mnyama na kumzuia asijeruhi mtu hadi daktari afike.

Zamu ya kuitwa si siku ya mapumziko. Askari aliyeitwa saa nane usiku na kurudi saa mbili asubuhi amefanya kazi saa sita, na jina lake likibaki kwenye doria ya asubuhi hiyo, ratiba imeshindwa. Utaratibu unaofaa ni kumwondoa kwenye zamu inayofuata na kujaza nafasi yake. Ndiyo maana tukio moja la usiku huweza kupunguza doria ya kesho yake, na mkazi wa upande mwingine akahisi kwamba askari wamepungua ghafla.

Bei ya kutolala

Mapumziko ya askari si fadhila. Watafiti wa Australia walionyesha mwaka 1997 kwamba mtu aliyekaa macho saa 17 mfululizo hupungukiwa umakini sawa na mtu mwenye kiwango cha pombe cha asilimia 0.05 kwenye damu. Akifikisha saa 24, upungufu hulingana na kiwango cha asilimia 0.10. Hakuna mkazi wa Konza ambaye angependa mtu wa hali hiyo aendeshe gari gizani kwenye barabara ya vumbi yenye mbuzi na watoto, au ashike bunduki yenye risasi mbele ya boma lililojaa watu waliohamaki.

Tatizo hili liko duniani kote. Uchunguzi wa shirika la WWF wa mwaka 2019, uliohusisha askari wa doria 7,110 katika nchi 28, ulionyesha kwamba walifanya kazi kwa wastani wa karibu saa 90 kwa wiki. Novemba mwaka huohuo, askari wa wanyamapori kutoka nchi nyingi walikutana Chitwan, Nepal, na kutoa azimio linalodai mazingira bora ya kazi. Kila tarehe 31 Julai dunia huadhimisha siku yao na kuwakumbuka waliopoteza maisha kazini.

Kwa hifadhi za binafsi na za jamii zilizo katika kaunti yetu, somo ni kwamba kuajiri maskauti wanane na kudai doria ya watu wanne saa zote ni kujidanganya. Nafasi nne zinahitaji watu 16. Ni heri doria ya watu wawili walio macho kuliko ya watu wanne wanaosinzia.

Simu inayoleta msaada haraka

Kwa kuwa walio macho ni wachache, habari ya kwanza inayowafikia ina thamani kubwa. Gari likipelekwa mahali pasipo, hakuna la pili la kurekebisha kosa hilo.

Kosa la kawaida katika eneo hili ni kusema tu, "Tuko Konza." Kuna Konza ya stesheni ya zamani ya reli, na kuna mji wa teknolojia wa Konza karibu na Malili. Mtu akitaja jina hilo pekee, gari linaweza kwenda upande usiofaa huku mbuzi wakiendelea kuuawa. Mkazi anayepiga simu ataje mambo haya:

1. Kaunti na kata ndogo aliyopo, na jina la chifu au naibu wa chifu wa eneo hilo.
2. Alama isiyohama iliyo karibu: shule, kanisa, msikiti, daraja la reli, lango la ranchi au kituo cha bodaboda.
3. Aina ya mnyama na idadi, na kama bado yupo au ameondoka, na alielekea wapi.
4. Kama kuna mtu aliyejeruhiwa. Ikiwa yupo, hospitali ijulishwe wakati huohuo.
5. Nambari ya simu itakayobaki wazi, na mtu atakayesimama barabarani kuwaelekeza askari.

Nambari ya KWS isiyotozwa malipo ni 0800 597 000. Kwa dharura yoyote inayohatarisha maisha, nambari za polisi 999 na 112 pia hutumika. Ni vyema kila kikundi cha Nyumba Kumi kihifadhi pia nambari ya kituo cha KWS kilicho karibu na ya skauti wa hifadhi jirani, zikapatikana kwenye simu zaidi ya moja, kwa sababu betri huisha usiku.

Wakati wa kusubiri, watu wakae ndani. Mnyama asizingirwe, asirushiwe mawe wala asimulikwe kwa karibu. Simba aliyeachiwa njia huondoka mara nyingi, na aliyezibiwa njia hurukia watu. Usipige simu nyingi kwa tukio moja. Mtu mmoja aendelee kutoa habari ili laini ya kituo isijae. Tena, usisubiri shambulio. Nyayo mpya karibu na boma jioni ni habari ya kutosha. Simu ya saa moja jioni humkuta askari macho, nayo huweza kuondoa haja ya simu ya saa nane usiku.

Baada ya askari kuondoka

Maandishi ya kitabu cha matukio yana kazi nyingine. Sheria ya mwaka 2013 imeweka fidia ya Shilingi milioni 5 kwa kifo kilichosababishwa na mnyamapori, milioni 3 kwa ulemavu wa kudumu, na hadi milioni 2 kwa majeraha mengine, kulingana na ukubwa wake. Mifugo, mazao na mali iliyoharibiwa na wanyama waliotajwa kwenye sheria hufidiwa kwa bei ya soko. Madai hupitia kwenye kamati ya wanyamapori ya kaunti, yenye maafisa wa serikali na wawakilishi wa jamii, kabla ya kupelekwa kwa waziri.

Tukio lisiloripotiwa ni vigumu kulithibitisha. Mzoga usihamishwe kabla ya kuonekana na askari au ofisa wa mifugo. Picha zipigwe mapema, nyayo zifunikwe kwa karai au gunia zisifutike, na mwenye mifugo aombe nambari ya tukio. Ikumbukwe pia kwamba sheria huweza kumnyima fidia mtu ambaye hakuchukua hatua za kuridhisha kulinda mifugo au mazao yake. Boma la matawi makavu peke yake halimzuii simba. Wavu wa chuma uliofungwa imara kwenye nguzo, mlango usio na mwanya, na taa zinazomweka usiku, kama zile alizobuni Richard Turere wa Kitengela alipokuwa bado mvulana, ni kinga zinazojulikana katika nyanda hizi.

Kila boma lililoimarishwa ni simu moja pungufu usiku, na askari wawili waliobaki na nguvu kwa boma ambalo halijapata bahati hiyo. Ofisi za mifugo za wadi na baraza za machifu ndipo mahali pa kuanzia kwa anayetaka ushauri kabla ya kiangazi kijacho.